Alama ya Sikio

Shangazi Delphine aliniachia sanduku la viatu,
ndani yake karatasi kumi na nne
na ulizo la penseli juu ya jina Levin Wharrick:
huyu ni mtoto wa nani?
Alikufa Februari, jibu hajalipata.

Nimelirithi ulizo kama mtu arithivyo deni.
Kila Jumamosi, saa mbili za barabara,
napita mabanda ya kuku, mashamba ya soya,
kinamasi kinachomeza makaburi polepole,
hadi chumba cha nyaraka, chini ya mahakama,
mashariki ya ghuba, Maryland,
ambako Bwana Ottwell hunyang'anya watu kalamu za wino
na kuwapa penseli fupi, zilizotafunwa.

Kitabu cha ubatizo kiliungua na kanisa lake.
Kitabu cha ndoa kilikaa chini ya dari inayovuja;
miaka ishirini na miwili imegandamana, imekuwa tofali.
Wosia wa mzee Ezekiel upo, mzima, na muhuri:
kitanda kwa mke, bunduki kwa shemeji,
na kwa watoto wangu waliosalia, shilingi moja moja.
Shilingi alizihesabu.
Watoto hakuwataja.

Dalili ya mvua mawingu.
Basi naokota mawingu.
Levin ashuhudia hati ya jirani wa Ezekiel, 1729.
Levin alipa kodi ya kichwa, mstari mmoja chini ya Ezekiel, 1733.
Karani aandika Warick, Worrock, mara moja Orrick,
alivyosikia ndivyo alivyoandika,
na sijui siku ile alisikia kwa homa au kwa ulevi.
Lakini kukaa jirani si kuzaliwa.
Mawingu tele, Shangazi,
na vumbi halijalowa.

Kisha, mwezi wa sita, Bwana Ottwell akaniletea
kitabu ambacho hakuna anayekiomba:
alama za mifugo.
1698, Ezekiel: sikio la kulia limekatwa ncha,
la kushoto mipasuo miwili.
1741, Levin: sikio la kulia limekatwa ncha,
la kushoto mipasuo miwili.
Kiti changu kilipiga kelele kabla yangu.
Nani humwachia mgeni alama ya ng'ombe wake?
Kanisa liliungua, baba alinyamaza,
na siri ikatembea miaka arobaini na mitatu
kwenye masikio ya ng'ombe,
ikicheua.

Ningefunga hapo. Nilikuwa nimeshika jalada.
Lakini karatasi ilikuwa ghali zama zile, na nyuma ya kitabu
karani alibana hesabu ya mali, Levin akiwa maiti, 1768:
sufuria ya shaba, moja.
Vitanda viwili, kimoja kibovu.
Sabra, mwanamke, na mtoto wake wa kiume, maji ya kunde.
Ng'ombe jike mweusi, sikio la kulia limekatwa ncha.
Bei pembeni, kwa mwandiko mzuri.
Mtoto hana jina. Ana rangi, ana bei.

Nyumbani kwetu walisema wale Wharrick wa ng'ambo ya reli,
wenye kanisa lao na makaburi yao,
majina yamegongana tu.
Bibi alilisema hilo akimenya viazi,
haraka, bila kuinua macho.

Meza ya pili kutoka yangu, kila Jumamosi,
huketi Bi Roxanna Wharrick, mwalimu mstaafu wa hesabu.
Husalimiana nami kuhusu mvua.
Yeye anakuja kutoka upande wa pili wa ukimya:
watu wote anao, hadi 1790,
kisha ukuta.

Nilikaa na ukurasa ule dakika kumi, labda ishirini.
Sikuwa jasiri. Nilitazama saa.
Kisha nikasukuma kitabu, kikakwaruza meza.
Akavaa miwani. Akasoma. Akarudia tangu sufuria ya shaba,
kidole hewani, bila kugusa wino.
Hakulia, wala hakunishukuru.
Alichukua penseli iliyotafunwa, akaniuliza
kwa sauti ya darasani:
"Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikajikuta nimeshika sikio langu.